Masteringi ya wimbo: umwachie prodyuza, uiachie mashine, au umlipe fundi?

Mwalimu wa kwaya alikuja studio na daftari lake la hesabu na swali moja: kwa nini alipe watu wawili kwa wimbo mmoja? Mimi nimerekodi, mimi nimefanya miksi, yaani kuziunganisha na kuzipanga sauti zote, halafu namwambia kuna fundi mwingine yuko Nairobi anayetaka shilingi 130,000 za Kitanzania aufanyie masteringi. "Fundi," akaniambia, "kwani wewe hujui kumalizia?"

Najua. Nimekuwa nikimalizia nyimbo za watu miaka yote hii, na kwenye bei yangu miksi na masteringi huenda pamoja kama chapati na maharage. Kwa hiyo katika ulinganisho huu kuna mahali nalikata tawi nililokalia. Tulikubaliana hivi: wimbo mmoja, wenye waimbaji 24, kinanda, gitaa la besi na ngoma, umaliziwe mara tatu. Mara ya kwanza na mimi mwenyewe, mara ya pili na huduma ya mashine ya mtandaoni, mara ya tatu na huyo fundi wa Nairobi ambaye kazi yake ni hiyo tu. Kisha tusikilize bila Mwalimu kujua ipi ni ipi.

Kinachouzwa hapa ni nini

Miksi ikikamilika unabaki na faili moja lenye pande mbili, kushoto na kulia. Hapo huwezi tena kumpandisha mwimbaji mmoja wala kumshusha mpiga kinanda. Ukigusa besi umegusa kila chenye besi. Fundi wa masteringi anafanya kazi ndani ya nafasi hiyo finyu. Anasawazisha sauti nene na nyembamba, anadhibiti vilele, anaamua wimbo uwe na sauti kubwa kiasi gani, anakata mwanzo na mwisho. Kama ni albamu, anahakikisha msikilizaji halazimiki kunyanyuka kugusa kitufe kila wimbo unapobadilika.

Kazi hii ilizaliwa na santuri. Besi ikizidi, sindano inaruka mfereji, hivyo alihitajika mtu wa kusimama kati ya studio na kiwanda. Kwetu mtu huyo hakuwa jirani. Mwaka 1928 Siti binti Saad alilazimika kusafiri hadi Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri. Baadaye zikaja kaseti, ikaja kompyuta, na prodyuza wa Bongo akajikuta ndiye mpiga biti, mrekodi, fundi wa miksi, mmaliziaji, na siku nyingine mpiga picha ya kava. Nadhani ndiyo maana mteja akisema "nifanyie masteringi" mara nyingi anamaanisha "niongezee sauti".

Prodyuza wako mwenyewe

Faida yake kubwa si bei, ingawa bei nayo ni faida. Ni kwamba prodyuza akigundua besi imezidi, hahitaji kuikabili kwenye faili la mwisho. Anarudi kwenye miksi, anashusha gitaa la besi peke yake, anatoa upya, dakika tano. Fundi wa nje hana uwezo huo mpaka akuandikie na wewe umjibu. Kwa singo inayotakiwa redioni kesho asubuhi, hakuna wa kumshinda prodyuza wako.

Udhaifu wake ni mambo mawili, na yote mawili hayaponi kwa kununua programu mpya.

La kwanza ni masikio. Wimbo huu wa kwaya nilikuwa nimeusikia labda mara mia mbili. Najua kila neno, kwa hiyo hata neno lililomezwa na ngoma mimi nalisikia, kwa sababu kichwa changu kinalijaza. Msikilizaji wa kwanza hana msaada huo.

La pili ni chumba. Changu kina urefu wa mita 3, na magodoro ukutani kama vyumba vingi vya aina hii. Godoro linatuliza sauti kali. Besi inalipita kama mtu anavyopita pazia. Sasa piga hesabu: sauti inasafiri takriban mita 343 kwa sekunde, na katika urefu wa mita 3 wimbi linalojirudia lenyewe kati ya kuta mbili ni la hezi 57 hivi, yaani mitetemo 57 kwa sekunde. Hapo hapo ndipo yanapokaa mapigo ya ngoma na noti za chini za gitaa la besi. Ukikaa katikati ya chumba noti hizo zinapungua, ukisogea ukutani zinavimba. Nikisahihisha besi nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, ninasahihisha chumba, halafu kosa la chumba ninamkabidhi mteja aende nalo nyumbani. Na miksi ilifanyika chumba hicho hicho! Nikifanya na masteringi, kosa lile lile linapigwa muhuri mara ya pili.

Mashine ya mtandaoni

LANDR ya Montreal ilianza kutoa huduma hii mwaka 2014, na tangu hapo zimefuata nyingi. BandLab ina ya bure. Programu ya Ozone ya iZotope iliongezewa msaidizi wa masteringi mwaka 2017, na Apple ikaweka wake ndani ya Logic Pro, programu yake ya kurekodia, mwaka 2023, kwa hiyo huenda tayari unayo kwenye kompyuta yako na hujaifungua. Unapakia faili, mashine inalichambua, inalipima dhidi ya mifano ya nyimbo inazozijua, inakurudishia kazi ndani ya dakika chache. Mimi nililipa chini ya shilingi 30,000.

Nilitegemea kuicheka. Sikuicheka. Wimbo ulirudi na ung'avu ambao mimi nilikuwa nauogopa, na besi yake ilikuwa imetulia kuliko yangu, kwa sababu mashine haikai kwenye chumba changu. Kwa demo, kwa biti za kuuza, kwa wimbo wa kusindikiza harusi ya Jumamosi, sioni sababu ya mtu kulipa zaidi.

Ila ina tabia moja, na ndiyo iliyoamua mambo kwetu: haikatai kazi. Ukiipa miksi nzuri itaimalizia, ukiipa mbovu itaimalizia vilevile, kwa bashasha ile ile. Haiulizi wimbo utapigwa wapi. Haijui kama ule mkwaruzo kwenye ubeti wa pili ni mtindo au ni maiki iliyolegea waya.

Fundi wa Nairobi

Nilimtumia faili jioni. Asubuhi nikapata ujumbe, faili hakuna. Aliandika mistari miwili: sauti ya pili inapotea kwenye mono, angalia kipanuzi chako kwenye waimbaji kabla sijaanza.

Nilikasirika kidogo, nisiseme uongo. Kisha nikabonyeza kitufe cha mono, kile kinachounganisha kushoto na kulia kuwa upande mmoja na ambacho kiko mbele yangu miaka yote, na akina mama sita wa sauti ya pili wakatoka chumbani. Sauti ya kwanza ipo, ya tatu ipo, ya nne ipo. Ya pili imebaki mwangwi tu, kama wanaimba nje ya dirisha.

Sababu ilikuwa hicho kipanuzi, plagini (programu ndogo ndani ya programu ya kurekodia) niliyoweka ili kwaya isikike pana. Plagini za aina hiyo huchelewesha au kugeuza sehemu ya sauti upande mmoja ili sikio lidanganyike kwamba kuna nafasi. Ukisikiliza kwa hedifoni ni raha tupu. Lakini pande mbili zikijumlishwa kuwa moja, kinachopanda upande huu kinakutana na kinachoshuka upande ule, vinafutana. Na wimbo wa kwaya unasikilizwa wapi? Kwenye simu yenye spika moja. Kwenye spika ndogo ya bluetooth juu ya kabati la jikoni. Kwenye zile spika za kanisani zilizofungwa nguzoni, ambazo fundi wa umeme aliziunganisha zote upande mmoja na hakuna aliyemuuliza.

Mimi sikuisikia kwa sababu mimi ndiye niliyeiweka. Mashine haikuniambia kitu. Nilirudi kwenye faili lake nikalibonyeza mono, akina mama hawakuwepo na humo pia, ila walikuwa hawapo kwa ung'avu zaidi.

Nikarekebisha miksi, nikamtumia tena, na ili haki itendeke nikaipitisha miksi mpya kwa mashine na kwangu pia.

Mezani, faili kwa faili

Mwalimu alisikiliza mara ya kwanza jinsi mafaili yalivyokuwa. Hakusita. "Hii ya pili, Fundi. Imejaa." Ya pili ilikuwa ya mashine. Pia ndiyo iliyokuwa na sauti kubwa kuliko zote, na huo ndio mtego mkubwa wa biashara hii. Tangu mwaka 1933, Fletcher na Munson wa maabara za Bell walionyesha kwamba sauti ikiongezwa, sikio linasikia besi na sauti kali kwa uwiano mkubwa zaidi. Ukimpigia mtu wimbo ule ule mara mbili, wa pili ukiwa juu kidogo, atakuambia wa pili una miksi bora.

"Mwalimu, nizilinganishe kwanza." Nikazishusha zote tatu zilingane kwa kipimo cha LUFS, ambacho hupima sauti kwa namna inayokaribia sikio la mtu. Kipimo kipo bure, Youlean Loudness Meter, na nashauri ukiweke hata kama hufanyi kazi ya studio. Kabla ya kuzishusha, ya mashine ilikuwa -8, yangu -9, ya Nairobi -11; namba ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi.

Tukasikiliza tena. Safari hii Mwalimu alifumba macho. Kwenye ya mashine, pale kwaya nzima inapoingia baada ya ubeti wa mwimbaji mmoja, sauti haikui. Imeshakuwa kubwa tangu mwanzo, haina pa kwenda. Ngoma inayofaa kupiga kifuani inagonga kama mtu anayebisha hodi mlango wa mbao. Kwenye ya Nairobi kuna pumzi kidogo kabla ya kwaya kuingia, halafu wanaingia watu 24 kweli. Yangu ilikuwa katikati, na herufi "s" za sauti ya kwanza zilichoma. Nilizisikia mara tu Mwalimu alipokunja uso.

Tukaenda nazo mtaani. Kwenye simu yake ya Tecno, ya kwangu na ya Nairobi zilikaribiana sana, ya mashine ikawa kali. Kwa kinyozi, kwenye sabufa yake iliyowekwa besi mpaka mwisho, ya kwangu iliunguruma hadi kinyozi akapunguza mwenyewe. Ndiyo zile hezi 57 zangu zimekuja kunitembelea. Ya Nairobi ilikaa. Ndani ya bajaji, kwa ukweli wa Mungu, hakuna aliyeona tofauti kati ya ya mashine na ya fundi.

Kuhusu hiyo -8 na -11, maana bado kuna wateja wanaodai wimbo wao "upige kuliko wa fulani". Kwa mipangilio ya kawaida Spotify huzileta nyimbo karibu na -14. Apple Music hutumia -16 msikilizaji akiwasha kusawazisha sauti. YouTube hushusha zilizopita takriban -14 na haipandishi zilizo chini. Wimbo wa -8 unashushwa desibeli 6; sauti kubwa uliyoilipia inaondolewa, ila ngoma zilizobanwa ili kuipata zinabaki zimebanwa. Redio nayo ina mitambo yake ya kubana kabla ya kurusha, mfano Optimod za kampuni ya Orban, na wimbo uliokwisha kubanwa ukibanwa tena unakuwa uji. Ukitaka kuhakikisha, fungua video yoyote ya YouTube kwenye kompyuta, bonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Stats for nerds, tazama mstari wa sauti: utaona video imezidi au imepungua desibeli ngapi na imeshushwa kwa asilimia ngapi.

Sisemi -14 ni sheria. Bongo Fleva ya klabu ikitoka -14 itaonekana legevu DJ anapoichomeka kwenye flashi kati ya nyimbo za -7, maana DJ hana wa kumsawazishia. Fundi mzuri atakuuliza wimbo unaenda wapi kabla ya kuamua. Mashine nyingi zitakupa vitufe vitatu vya ukubwa wa sauti.

Na wale wa ng'ambo?

Studio kubwa za nje zinapokea kazi kwa mtandao. Hata Abbey Road ya London unaweza kuitumia faili ukiwa Buguruni. Bei za mafundi wa Ulaya na Marekani kwa kawaida huanzia kama dola 50 kwa wimbo, na wenye majina hupita dola 150. Kulipa si tatizo siku hizi, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inatosha.

Vyumba vyao ni vya kweli, na masikio yao hayana deni. Wasiwasi wangu ni mmoja, nao ni wa lugha ya muziki. Singeli inakimbia mapigo zaidi ya 200 kwa dakika na ukali wake ni wa makusudi. Fundi asiyeijua ataona kazi imeharibika na "ataitibu". Taarabu ina fidla na akodiani zinazogombania nafasi ile ile ya sauti ya mwimbaji, na msikilizaji wa taarabu anataka maneno kuliko ngoma. Ukienda nje, tuma nyimbo mbili za mfano za aina yako, na useme unachopenda ndani yake. Ukienda Nairobi, Dar au Kampala, sehemu ya maelezo hayo fundi anayo tayari kichwani.

Jina kubwa pia halifufui miksi iliyokufa. Mwaka 2008 Metallica walitoa albamu iliyolalamikiwa na mashabiki kwa kubanwa mno, hasa walipoilinganisha na nyimbo zile zile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero, ambako zilipumua. Lawama zikamwangukia Ted Jensen, mmoja wa mafundi wa masteringi wanaoheshimiwa sana Marekani. Akaeleza kwamba miksi zilimfikia zikiwa zimeshabanwa.

Nani achukue kipi

Kama unajaribu soko na singo yako ya kwanza na bajeti yako yote ni ya video, tumia mashine, lakini mwombe mtu mwingine mwenye masikio, si prodyuza wako, aisikilize miksi kwanza kwenye mono na kwenye simu. Kikwazo chako hakiko kwenye masteringi.

Kama prodyuza wako ana chumba anachokifahamu vizuri na ana nyimbo za wengine unazozipenda, mwachie. Mpe siku tatu za kupumzika kati ya miksi na masteringi. Siku tatu hizo ni dawa ya bure.

Albamu au EP (albamu fupi), mlipe fundi. Hapa sina simile nyingi. Nyimbo nane zilizorekodiwa miezi tofauti, maiki tofauti, mwimbaji akiwa na mafua kwenye wa tatu: mtu mmoja anatakiwa azisikilize zote kwa mfululizo na aamue ukimya wa sekunde ngapi unafaa baada ya ule wa huzuni. Baadhi ya mashine zina kipengele cha albamu, zinasawazisha ukubwa wa sauti, sawa. Uamuzi bado utakuwa wako.

Na kama fedha zinatosha nusu tu? Mwalimu aliuliza hivyo hivyo. Jibu langu lilikuwa apunguze nyimbo, asipunguze fundi, na bado sijui kama kamati ya kwaya itanisamehe.

Kabla ya kumtumia pesa fundi yeyote, muulize kama atakuambia miksi ikiwa na kasoro, au ataendelea tu. Jibu la swali hilo lina thamani kuliko orodha ya mitambo yake. Uliza marekebisho mangapi yamo ndani ya bei. Mangapi ni sahihi hutegemea, ila kama hakuna hata moja, ondoka. Kama anakubali kukupa sekunde 60 za majaribio, zisikilize ukiwa umezishusha zilingane na miksi yako, la sivyo utanunua sauti kubwa.

Upande wako, toa limita, ile plagini inayozuia vilele, kwenye njia kuu ya miksi, na mpe pia toleo lenye limita ili ajue ulichokuwa unakisikia. Faili liwe WAV ya biti 24. Wimbo wa dakika nne kwa kilohezi 48 unafika megabaiti 69 hivi, kwa hiyo pitisha Google Drive. Nimewahi kupokea "masta" iliyotumwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, imebanwa hadi kinanda kinasikika kama kipo chini ya maji, na mwenyewe anauliza mbona haing'ai. Acha sekunde mbili mwanzoni na mwangwi wote mwishoni, usiufifishe wimbo mwenyewe. Mwambie mapema kama unahitaji toleo lisilo na waimbaji kwa ajili ya kuimba jukwaani. Kwaya nyingi hukumbuka hilo siku ya uzinduzi.

Faili likirudi, sikiliza sekunde ya kwanza na ya mwisho kabla ya kitu kingine. Ndiko mkasi unakokosea.

Kamati ya kwaya iliafiki nyimbo tano badala ya nane. Mmoja umeshatoka. Minne iliyobaki iko kwangu, na kila jioni kabla ya kuzima kompyuta naifungua mmoja mmoja, nabonyeza mono, nahesabu akina mama.